Kiayalandi cha Asubuhi na Moto wa Mamó Nóra

Shoga zangu, tangu nirudi kila mmoja ananiuliza kivyake, na kila mmoja namjibu nusu. Halima nilimsimulia kwenye foleni ya duka la nyama. Zamu yetu ilipofika nikakatisha. Wengine mmesikia kwa Halima, na Halima mnamjua, habari haitoki kwake bila kutiwa chumvi. Basi naandika yote mara moja. Mnastahili, maana nilipokuwa Ayalandi ni nyinyi mliokuwa mkija kwangu Northfield, hapa Birmingham, kwa zamu, kumkanda mkwe wangu kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga, ili arobaini yake isiharibike. Msininunie tu nikiwaambia na mambo mnayoyajua. Naandika ili hata mjukuu wangu Yahya akikua asome.

Jikoni kwangu, Northfield

Mkwe wangu Bríd alifiwa na mama yake akiwa mdogo, akalelewa na bibi yake, Nóra, kwenye kijiji cha magharibi kabisa mwa Ayalandi. Yeye humwita Mamó. Alikuja Birmingham kusomea uuguzi, akakutana na mwanangu Sudi, akasilimu, wakaoana. Vijana hawana subira: ndoa ilifungwa kwanza, bibi akaarifiwa baadaye kwa simu.

Tangu siku hiyo Nóra Kiingereza kilimwishia. Anakijua, tena vizuri, lakini simu ya Birmingham huijibu kwa Kiayalandi tu. Maneno mawili matatu ya mvua na upepo, kisha anakata.

Mtoto akazaliwa. Bríd akamwita Yahya kwa ajili ya babu yake, marehemu mume wa Nóra, aliyeitwa Seán. Kwao Seán ndiye Yohana, na kwetu Yohana ndiye Yahya. Lakini akatukataza kumwambia bibi. "Mama," akaniambia, "aulize mwenyewe. Asipouliza jina la mtoto wangu, basi hana haja naye." Nóra akaambiwa kwamba ni mtoto wa kiume, mzima. Akasema mvua inanyesha, akakata simu.

Ikawa mtoto halii, anayelia ni mama yake. Maziwa yakaanza kupungua. Hapo ndipo nilipoudhika. Nikasema nitakwenda mimi. Nitakaa kwa huyo bibi mpaka aulize jina.

"Atakusemesha Kiayalandi," akasema Bríd.

"Basi nifundishe."

Akanifundisha huku ananyonyesha na mimi nakuna nazi. Hakuanza na salamu, alianza na asubuhi, maana alisema kwao siku ndiyo inayokufungulia mdomo. *Éirím*, naamka. *Ním mo lámha*, nanawa mikono. *Ithim*, nakula. *Téim ag obair*, nakwenda kazini. Neno lenyewe la kazi ni *obair*, nikalipenda kuliko yote kwa sababu halina vishindo. Mengine yameandikwa kwa herufi nyingi na yakisemwa zinabaki mbili. Sijui zile nyingine wameziweka za nini. Lakini kitu kimoja kilinichekesha kwa furaha. Wao hawasemi wana njaa. *Tá ocras orm*, njaa iko juu yangu. Uchovu pia uko juu ya mtu, na huzuni. Nikamwambia Bríd, na sisi usingizi hutushika na njaa hutuuma, watu wa kwenu na wa kwetu wote wanaonewa na mambo hayo hayo. Akacheka, mara ya kwanza tangu ajifungue.

Digbeth

Halima alinipeleka kwa gari mpaka kituo cha mabasi cha Digbeth. Njia nzima alinigombeza kwa Kiswahili chake cha Nairobi.

"Mama Sudi, kwani uko serious? Huyo shosho anawakatia simu, na wewe unaenda mpaka kwake? Akikufungia mlango utado?"

"Nitapiga hodi."

"Hodi kwa lugha gani sasa?"

Hilo sikuwa nimemuuliza Bríd. Nilipanda basi na mfuko wa vitumbua, mtandio mzito na wasiwasi. Jina la mtoto nilikuwa nalo mdomoni, na ruhusa ya kulitoa sina.

Holyhead, bahari ilipokataa

Pwani ya Welsi tulikuta upepo unavua watu kofia. Meli yetu haikuondoka. Wakasema mchana, wakasema jioni, mwishowe wakasema tulieni. Ukumbi umejaa watu wanaoangalia ubao wa saa kama wagonjwa wanaongoja daktari.

Kando yangu alikaa mzee mmoja Mwayalandi, Colm, mwenye viganja vipana vya mtu aliyechimba. Alikuwa amechimba kweli. Barabara nyingi za Birmingham, alisema, chini yake kuna jasho lake. Sasa anakwenda kwao kumzika kaka yake. Nikampa pole, nikampa na kitumbua. Alikigeuzageuza, akauliza kama ni samaki. Alipokionja aliomba cha pili bila haya, nikampenda.

Nikamwambia ninasoma Kiayalandi. Akasema chake kimechakaa, kimebaki cha kazini tu: *sluasaid*, sepetu, *bricfeasta*, chai ya asubuhi, *tá tuirse orm*, nimechoka. Akanipima. Nilipofika kwenye kunawa mikono alinirekebisha, na mwanamke wa benchi la nyuma akamrekebisha yeye, na wakabishana mpaka nikaona bora ningebaki na mikono michafu.

Kisha akaniuliza: ukimkuta mtu anafanya kazi, utasemaje? Nikamjibu kwetu tunasema pole na kazi. Akaniangalia. "Sisi pia tuna la kusema," akasema. "*Bail ó Dhia ar an obair.* Baraka ya Mungu iwe juu ya kazi. Ukipita kimya, mtu huwaza umemwonea kijicho." Akanikaririsha neno moja moja mpaka likakaa. Hata waliposema meli inaondoka nilikuwa nalitafuna.

Ndani ya meli Colm alilala. Mimi sitawaambia nilivyofanya ndani ya meli. Aliyewahi kutapika baharini anajua, na ambaye hajawahi, heri yake.

Dublin kwenda magharibi

Dublin niliiona kwa dirisha la basi, na sehemu kubwa ya dirisha ilikuwa mvua. Tuliagana na Colm stendi. Huko Galway basi dogo la vijijini lilikuwa limeshaondoka, nikangoja lingine kwenye duka la chai. Binti wa dukani aliposikia nasema *ithim arán*, nakula mkate, alimwita mwenzake jikoni aje kusikiliza. Wakanipa mkate wa bure na siagi ya kutosha kupaka ukuta. Wote wawili walisoma lugha hiyo shuleni miaka na miaka, wakaniambia, na hawajawahi kumwambia mtu kwamba wanakula mkate.

Kutoka hapo barabara ikawa nyembamba, mawe pande zote. Nilikuwa najiuliza watu hawa wanalima wapi. Dereva alinishusha kwenye njia panda, akanionyesha nyumba nyeupe inayotoa moshi. "Ile pale kwa Nóra," akasema, kisha akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

Suigh síos

Nóra alikuwa nje, anapanga kuni zao ukutani. Si kuni za mti, ni vitofali vya udongo mweusi wa kinamasi vilivyokaushwa. Mwanamke mwembamba, mrefu, amevaa sweta la marehemu mume wake. Aliniona tangu njia panda na hakuacha kupanga.

Nikasema sentensi ya Colm, yote, mpaka mwisho.

Mkono wake ukasimama. Akajibu, sikuelewa jibu lakini niliona limetoka lenyewe, kama sisi mtu akitupigia hodi tunavyosema karibu kabla ya kujua ni nani. Akishajibu, hawezi tena kunifukuza. Akanitazama kuanzia mtandio hadi viatu. Alijua mimi ni nani. Mswahili mwingine angetafuta nini pale? Akafungua mlango.

Ndani kuna meko makubwa ukutani na moto unawaka polepole. Msidhani hana vitu: ana jiko la umeme, ana mashine ya kufulia. Lakini moto ule ndio nyumba yenyewe, kila kiti kimeuelekea.

Akaniwekea chakula: viazi, kabichi, na nyama ya nguruwe. Nikasema siili, kwa Kiayalandi changu cha kuungaunga. Uso wake ukakunjamana. Nikaonyesha nyama tu kwa kidole. Akaichukua sahani. Nikasema moyoni, Mama Sudi, leo utalala na njaa. Basi nikamwona anashusha sufuria nyingine kutoka rafu ya juu, anaiosha mbele yangu mara mbili, anachemsha mayai. Mtu aliyejifanya hana haja nasi, nani alimweleza habari za sufuria iliyopikiwa nguruwe? Alikuwa ameulizia. Sikuonyesha kwamba nimeona, lakini nilitaka kumkumbatia.

Shida ilikuwa moja: hakuniacha nifanye lolote. Nikiinuka kuosha kikombe, "*Suigh síos.*" Kaa. Nikishika ufagio, "*Suigh síos.*" Neno hilo Bríd hakunifundisha, nilifundishwa na kiti. Nilikaa mpaka mgongo ukauma. Nilimwonyesha picha ya mtoto kwenye simu. Aliitazama kwa muda mrefu, akanirudishia, akaenda kuangalia kuku. Jina hakuuliza.

Nyinyi mnajua tulivyolelewa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya pili ilipokwisha nikawaza: kesho asiponipa kazi, hanitaki. Angekuwa ananihesabu mtu wake angeninyima ufagio?

Siku ya tatu

Niliamka alfajiri kuswali. Nóra alikuwa bado amelala. Meko niliyakuta yamejaa jivu, rundo la kijivu limetulia kama kaburi la paka. Mimi mtoto wa Pangani. Kwetu mwanamke akiamka na kukuta jivu la jana mekoni, ataliacha? Nikasema nafuu sasa kalala, hapa hakuna wa kuniambia kaa. Nikazoa jivu lote kwenye ndoo, nikafagia meko hadi jiwe likaonekana, nikatoka uani kwenye mvua, nikamwaga.

Likalia. Mvuke ukanipanda usoni. Ndani ya jivu mlikuwa na makaa mekundu, makubwa, mazima, na mvua inayapiga mbele ya macho yangu, moja baada ya jingine yanageuka meusi. Nikachutama kuyaokoa kwa mikono. Nikaungua vidole na halikupona hata moja.

Niligeuka nikamkuta amesimama mlangoni.

"Unajua moto huo uliwashwa lini?"

Kiingereza! Tangu nifike ndicho alichonisemesha kwa mara ya kwanza. Akaniambia, hapo mlangoni, kwamba yeye mwenyewe hajui. Alipoletwa nyumba ile akiwa bibi harusi aliukuta, na mama mkwe wake aliukuta. Kila usiku makaa hufukiwa jivu ili yalale, kila asubuhi hufukuliwa. Seán alikufa usiku na yeye bado aliinuka akaufukia. "Sijawahi kulala nje ya nyumba hii," akasema, "kwa ajili ya moto. Na wewe umeumwaga uani." Akarudi ndani, akakaa mbele ya lile jiwe nililolifagia vizuri.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimekwenda kuwapatanisha watu na nimezima moto wa ukoo. Kiberiti kilikuwepo mezani, hakukigusa, na mimi nikaelewa kwa nini. Moto wa kiberiti ni moto tu.

Lakini shoga zangu, moto ukizimika kwetu tulikuwa tunafanyaje? Tunakwenda kwa jirani kuomba kaa. Mimi nimetumwa sana kaa la moto utotoni, na kigae mkononi, nakimbia kabla halijafa. Nikachukua ndoo ile ile na koleo, nikashika njia kuelekea nyumba ya pili yenye moshi. Sikumwambia ninakokwenda. Ningemwambia kwa lugha gani, na kwa uso upi?

Alinifungulia mama wa makamo ya Nóra, mnene, mchangamfu, Bairbre. Nikamwambia kwa Kiingereza nilichofanya. Akashika mdomo. Akatazama ndoo, akatazama vidole vyangu, kisha akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio.

"Seán alikuwa kaka yangu," akasema. "Nimezaliwa nyumba ile. Siku niliyoolewa mama alinichotea kaa mekoni, nikaja nalo hapa. Ndiyo ilikuwa desturi ya msichana akitoka. Moto wake sijauacha ufe."

Akachota makaa kwa koleo, akayafunika jivu la moto, akavaa koti lake juu ya vazi la kulalia, tukaondoka. Mimi nimebeba ndoo, yeye amefungua mwavuli juu ya ndoo, wenyewe tumelowa chepechepe.

Nóra alikuwa pale pale. Bairbre alipiga magoti, akayapanga makaa, akaweka vitofali vitatu vya udongo, akapuliza. Moshi, kisha ulimi mdogo. Akasema kwa Kiingereza, na nadhani alikichagua ili na mimi nisikie:

"Ningekuwa sikuutoa humu nilipoolewa, Nóra, leo ungewasha na nini?"

Nóra akainuka, akaleta mafuta ya majeraha ya moto akanipaka vidoleni, kwa nguvu, kama ananiadhibu. Akaniwekea mapajani karai la viazi na kisu.

Nikamenya viazi vile huku nalia. Siku ya tatu, jembe langu nimepewa.

Usiku ule alinionyesha namna ya kuufukia: makaa katikati, jivu juu, mkono mwepesi, na maneno ya sala chini kwa chini. Nikamaliza kwa bismillahi, hakukataa. Kisha akauliza meli ya kwenda kwetu inaondoka saa ngapi, na kama Birmingham kuna baridi kuliko pale. Nikatega sikio nisikie swali langu. Halikuja. Tulipoondoka pamoja, Bairbre ndiye aliyeachiwa ufunguo na moto.

Kurudi, na Northfield tena

Safari ya kurudi bahari ilikuwa mkeka. Nóra hakuwahi kutoka nchini mwake, na melini alisimama muda wote kama anayelinda kitu. Alikula kitumbua changu kimoja kikavu kilichosalia, akasema kinahitaji siagi. Pale Digbeth Sudi alitupokea, na bibi akampa mkono kama anavyopewa daktari wa mifugo. Nyumbani Bríd alimwangukia shingoni, akajikuta amekumbatia mtu mgumu kama nguzo. Walisemezana Kiayalandi kidogo. Mtoto aliletwa, akatazamwa kwa mbali. Jina hakuuliza. Siku ya kwanza akakaa kwenye kochi langu, mikono mapajani, macho yanatafuta meko. Siku ya pili vivyo hivyo. Kila akiinuka Sudi anamwambia, "Please, bibi, relax, wewe ni mgeni." Na kila akirudi kukaa anazidi kuwa mdogo.

Nikaelewa. Tulikuwa tunamfanyia yale yale aliyonifanyia.

Siku ya tatu asubuhi nikajaza beseni maji, nikatandika taulo. Nikaenda kusimama mbele yake.

"*Éirigh*," nikamwambia. "*Tá obair againn.*" Inuka. Tuna kazi.

Sudi akafungua mdomo, nikamkata jicho.

Nóra akainuka. Akakunja mikono ya sweta, akanawa, akachovya kiwiko kupima maji, kama tunavyofanya sisi, nikamkabidhi mtoto. Alimwosha shingo, makwapa, katikati ya vidole, mkono mmoja chini ya kichwa, bila haraka. Bríd alisimama mlangoni na kanga begani. Bibi hakuinua uso.

"*Cén t-ainm atá air?*"

Jina lake nani. Bríd akanipa ishara kwa kichwa nijibu. Basi nikajibu mimi.

"Yahya. Ndiye Seán."

Mikono yake ikatulia majini. Akamwita mara moja kwa jina la kwetu, akakosea, akamwita mara ya pili kwa jina la mumewe, na hapo mtoto akamkojolea mpaka kifuani. Bríd akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, Sudi akakimbilia kitambaa, na mimi nikaruka na taulo kumpokea mtoto.

"*Suigh síos*," Nóra akaniambia.

Nikakaa.